Mgonjwa wa Saa Nne Usiku

Tuliingia kwa mlango wa nyuma wa hospitali ya rufaa,
wagonjwa wa zamu wameisha,
mimi na boksi lililowahi kubeba nyanya,
na ndani yake, katika karatasi za chooni na plasta,
kifundo cha mguu.

Ndekirwa wa chumba cha picha akasema, Dada,
mashine haiwaki bila fomu.
Jina?
Bado hana. Ana namba niliyomwandika ubavuni
siku tulipomtoa kwenye korongo la Ruhuhu,
maji yamebaki nusu dumu.
Jinsia? Sijui.
Anakotoka? Songea. Hapo kalamu ikafurahi.
Umri?
Miaka milioni mia mbili arobaini,
ongeza au punguza milioni chache.
Akacheka mpaka akavua miwani.
Kisanduku cha umri kilikuwa na nafasi ya tarakimu tatu.
Tukaandika 240,
mamilioni tukayaacha nje kwenye benchi
pamoja na ndugu waliosinzia juu ya hotipoti.

Kitanda kikateleza.
Kitu kidogo kama kitunguu kikalala peke yake
pale ambapo jioni ile mtu mzima alilala akisali.
Picha zikaja vipande vipande, jiwe likakatwa bila kisu,
na nikaiona:
mifupa miwili, mmoja una kichomozo,
wa pili una kishimo cha kukipokea,
ili mguu uzunguke.
Mguu wa mamba.

Lakini mfupa wa paja tuliouokota hatua mbili kutoka pale
una alama za upande wa ndege.
Mnyama mmoja, mashahidi wawili,
na kila mmoja ameapa.
Msimamizi wangu aliandika pembeni mwa sura ya tatu,
kwa wino wa kijani: Angalia tena.
Nimeangalia tena mwaka mzima.
Nimechemsha miguu ya kuku mpaka mwenye nyumba
akauliza kama nimefungua genge.
Nimemwinda mjusi wa ukutani kwa kandambili
nikamwomba radhi, nikamtia kwenye spiriti.

Saa saba usiku nilitembea kurudi.
Mlima haukuonekana, wingu limeufunika hadi mashambani,
na kwa mara ya kwanza sikuutafuta.
Mtoto wa juzi, huo. Huyu niliyembeba kwapani
alikanyaga tope kabla hata moto wake haujawashwa.

Asubuhi nikapita Kiborloni, buchani kwa baba.
Alikuwa anapasua mifupa ya mtori,
shoka linashuka, hatazami.
Nikamweleza kwa kirefu, kama mtu anayejitetea.
Akafuta mkono kwenye aproni, akaokota kifundo cha mbuzi,
akakizungusha kwa vidole vyenye mafuta:
Kwani wewe ulipochukua pua ya mama yako
ulibadilishiwa na masikio?
Haya ni ya kwangu. Ya babu yako Ndesamburo. Yametokeza.
Kisha akamgeukia mteja:
Kilo moja na nusu, au nikate mbili kabisa?

Nilisimama pale na nzi.
Basi ndege alianza kwa paja,
akaendelea kutembea kwa miguu ya zamani
maana bado ilikuwa inafika.
Sura ya tatu nzima, kati ya mapafu na utumbo,
na siwezi kumweka baba kwenye marejeo:
Mushi, E., mazungumzo ya buchani, bei haikupungua.

Kwenye jedwali langu kila sifa ni sifuri au moja.
Palipovunjika naweka alama ya kuuliza;
safu yake imejaa ndoano hizo.
Leo nimeondoa moja.

Na fomu bado ipo kwenye faili la hospitali.
Ndekirwa, kwa mazoea, aliijaza hadi chini:
Mkazi wa Songea. Miaka 240. Kifundo cha kulia.
Hakuna mvunjiko.
Arudi kliniki baada ya wiki mbili.